Barabara ya mtaa wako hapa Lubumbashi ni ya nani kisheria, na barua unampelekea nani? (Uzi mrefu)

Karani wa Avenyu (Katuba)

Wandugu wa Lubumbashi, salamu kwenu nyote.

Mvua ya Novemba haiko mbali. Kila mwaka ni vile vile: maji yanaingia kwenye parseli (viwanja vyetu), teksi zinakataa kufika Katuba ndani, bei ya pikipiki inapanda, halafu sote tunamlaani gavana kwa shimo lililo mbele ya duka la jirani. Nimekuwa karani wa kamati ya avenyu yetu kwa miaka sasa, nimebeba barua kwenda ofisi nyingi za mji huu, na naona hasira yetu nyingi inapotea njiani kwa sababu haifiki kwenye mlango unaohusika. Ofisi ikipokea lalamiko lisilo lake hailijibu, inalilaza kwenye kabati.

Kwa hiyo tuanze na mlango.

Barabara za hapa hazina mwenyewe mmoja. Ile namba 1 ya taifa, inayotoka Kasumbalesa mpakani na Zambia, ikapita kwetu na kuendelea Likasi hadi Kolwezi, ni ya taifa. Kiufundi iko chini ya Office des Routes, na mfuko wa matengenezo ni FONER, ulioundwa kwa sheria ya Julai 2008. Mfuko huo unakula kutoka kwenye mafuta unayonunua kituoni na kwenye peaje, ile pesa ya kupita barabarani. Bugumestri, yaani mkuu wa komini (sehemu moja ya mji), hata awe mtu mwema namna gani, mkono wake haufiki kwenye barabara hiyo.

Barabara za ndani ya mji ni habari nyingine. Hapo wanahusika jimbo, mji na komini, na ofisi yenye mafundi wa barabara za mijini na mifereji mikubwa ni Office des Voiries et Drainage, ile tunayoiita OVD. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, inayopanga kazi za miji, komini, sekta na sheferi (hizi mbili ni za vijijini), imeweka matengenezo ya barabara za komini kati ya mambo ambayo baraza la komini linayajadili na kuyaamua. Komini yenyewe si tawi tu la meya: Katiba ya 2006, kifungu cha 3, inaipa utu wa kisheria. Maana yake komini ina bajeti yake, inaweza kununua, inaweza kudaiwa, inaweza kushtakiwa.

Tuna komini saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Kabla hujaandika, jua uko wapi. Kuna avenyu ambazo upande mmoja ni komini hii na upande wa pili ni ile, na pale ndipo barua zinapozunguka miezi. Mkiwa kwenye mpaka wa namna hiyo, andikeni kwa mabugumestri wote wawili na nakala kwa meya. Msichague.

Sasa barua yenyewe. Watu wanaandika kurasa tatu za kilio: "tumesahauliwa, tunateseka, baba yetu tuokoe." Kilio ni cha kweli, lakini fundi wa komini hawezi kukipima. Andika hivi: jina la avenyu, kutoka kona ipi hadi kona ipi, urefu kwa hatua za mtu mzima, shimo linafika gotini au kwenye kifundo cha mguu, maji yanatoka wapi na yanakwama wapi, parseli namba ngapi na ngapi zimeingiwa. Ambatisha picha zenye tarehe. Kisha majina na sahihi za wakaaji, kila mmoja na namba ya parseli yake. Juu kabisa ya barua andika kwamba ni maombi ya pamoja chini ya kifungu cha 27 cha Katiba.

Kifungu hicho wengi hatukifahamu, na kina nguvu. Kinasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka maombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inajibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna anayeruhusiwa kukusumbua kwa sababu ulileta maombi. Kwa hiyo tarehe ya kupokelewa ndiyo roho ya barua yako. Nenda na nakala mbili. Moja inabaki sekretarieti, ya pili inagongwa muhuri, inaandikwa tarehe, inatiwa sahihi na yule aliyepokea, nawe unaondoka nayo. Akikuambia "acha tu, nitampa mkubwa", usiache. Kaa kwenye benchi. Ikishindikana kabisa, kuna hisie wa mahakama: unamlipa, anakwenda kukabidhi barua kirasmi na kukurudishia hati. Ni pesa, lakini mkichanga avenyu nzima si nyingi kwa kila nyumba.

Kwetu ilikuwa hivi. Mkandarasi mmoja alichimba kanivo, mfereji wa kando ya barabara, upande wa kushoto wa avenyu, akaweka zege hadi katikati, akaondoka. Nusu iliyobaki ilikuwa handaki la udongo mwekundu, na kila mvua ilikula ukuta wa parseli ya mwisho, tofali moja baada ya jingine, mpaka choo kikabaki kinaning'inia. Tulipiga kelele msimu mzima bila matokeo. Tulipoandika barua ya namna niliyoeleza, yenye muhuri wa kupokelewa, komini ilituma watu wawili na utepe wa kupimia. Walituuliza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: kazi hiyo ilipokelewa na nani? Kumbe kazi ya umma ina mapokezi mawili, ya muda na ya mwisho, na katikati yake mkandarasi anabaki na deni la kurekebisha kasoro. Tukaandika barua ya pili kuomba kujua kama mapokezi ya mwisho yameshafanyika. Baada ya hapo ndipo zege lilipoendelea. Halijamalizika hadi leo, nasema wazi, lakini choo cha yule mama kimesimama.

Waliofanya kwao, waandike hapa. Wenye maswali, karibuni.

Dereva wa Teksibisi (Ruashi)

Yaya karani, aksanti kwa maelezo, ila mimi sikubaliani na kichwa cha habari yako. Tatizo si barua. Tatizo ni pesa.

Mimi nalipa vinyeti (ushuru wa gari wa kila mwaka), nalipa taksi ya barabara, nalipa mafuta ambayo ndani yake kuna FONER, nalipa na wale wa parkingi. Kisha nabadilisha amotiseri (shokapu) za gari kila mara kwa sababu ya Chaussée de Kasenga. Makamyo mazito yanayokwenda viwandani yanakwepa njia kubwa, yanaingia usiku kwenye barabara za kartie (mitaa) zilizotengenezwa kwa gari ndogo. Asubuhi unakuta kingo zimevunjika. Sasa hizo pesa zinakwenda wapi? Na mji huu umekaa juu ya shaba! Unaniambia nikae benchi la komini kungoja muhuri?

Sisi madereva tunafikiri dawa ni kufunga barabara siku moja, matairi katikati. Hapo wanakuja mbio.

Karani wa Avenyu (Katuba)

Ndugu dereva, swali la pesa ni lenyewe kabisa, na lina majibu yanayoshikika. Nakuandikia kwa urefu.

Kwanza pesa za taifa. Katiba, kifungu cha 175, inasema jimbo lina haki ya 40% ya mapato ya taifa, na zinakatwa pale pale zinapokusanywa, kabla hazijapanda Kinshasa. Kwa vitendo haikuwa hivyo: pesa inapanda kwanza, halafu inarudi kama retrosesheni, pungufu na kwa kuchelewa. Hiyo ni kesi ya majimbo yote, na wabunge wetu wa kitaifa ndio wa kuulizwa.

Pili, pesa za migodi, na hapa ndipo watu wa Ruashi na Annexe mnatakiwa kufungua macho. Kodi ya Madini, yaani sheria ya migodi, iliyorekebishwa Machi 2018 imegawa mrahaba wa madini mara nne: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% komini au sekta au sheferi ambamo mgodi unachimbwa, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% haipiti Kinshasa. Mwenye hati ya kuchimba anailipa kwenye akaunti iliyotajwa na komini yenyewe. Shaba inatozwa 3.5%. Kobalti, tangu ilipowekwa kwenye kundi la madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, ni 10%. Juu ya hayo kampuni inatakiwa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi, na kuna daftari la majukumu linalosainiwa kati ya kampuni na wakaaji.

Kwa hiyo maombi ya mtu wa komini yenye mgodi yasiwe juu ya shimo peke yake. Yaulize: kwa mwaka uliopita komini ilipokea kiasi gani cha mrahaba, na kiasi gani kiliandikwa kwenye bajeti kwa barabara na mifereji? Hilo ni swali la raia, halimtukani mtu. Sisi wa Katuba, na ndugu zetu wa Kenya na Kamalondo, hatuna mgodi, hatuna hiyo 15%. Sisi tunategemea jimbo na mji, na ni haki kabisa kuuliza ile 25% ya jimbo inafika mitaa gani.

Juu ya makamyo: hilo si la bugumestri peke yake. Meya ana uwezo wa kutoa amri ya polisi ya mji kukataza magari mazito kwenye barabara fulani au saa fulani. Chama chenu cha madereva kiandike kwa meya, kitaje barabara, kitaje saa, kiweke picha za kingo zilizovunjika. Barua ya madereva ina uzito kuliko ya kamati yetu ya avenyu, ninyi mji unawahitaji kila asubuhi.

Matairi, hapana, kaka. Moto wa tairi unayeyusha lami, na kesho shimo ni pana zaidi. Kifungu cha 26 cha Katiba kinaruhusu maandamano, waandalizi wanatoa taarifa kwa maandishi kwa mamlaka inayohusika. Fanyeni hivyo, mtembee na mabango hadi kwenye mlango wa meya. Mtoto wa mtu akipigwa risasi kwenye moto wa matairi, hakuna barabara itakayomrudisha.

Mama wa Kampemba

Aksanti baba karani. Mimi sina shida ya shimo, niko na shida ya msalaba.

Watu walikuja na kopo la rangi nyekundu, wakaweka msalaba kwenye ukuta wangu wa mbele na kwa majirani saba. Wakasema barabara inapanuliwa na mfereji utapita hapo, tubomoe wenyewe. Hawakuacha karatasi. Niliwauliza mnatoka ofisi gani, mmoja akasema mji, mwenzake akasema jimbo. Mume wangu alinunua parseli hii zamani, tuna karatasi ya kununua yenye sahihi ya shefu wa kartie. Watoto hawalali. Nifanye nini?

Msomi wa Sheria (UNILU)

Mama, pole sana. Naomba nikujibu mimi, karani atanisaidia.

Rangi kwenye ukuta haiwezi kukuondoa. Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema mtu haondolewi kwenye mali yake isipokuwa kwa manufaa ya umma, na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Utaratibu uko kwenye sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977. Lazima kuwe na uamuzi wa maandishi unaosema kazi ni ya manufaa ya umma, lazima mhusika aarifiwe, na tangu apate taarifa ana mwezi mmoja wa kupeleka madai na maoni yake. Msipoelewana juu ya fidia, inayopanga kiasi ni mahakama, ile tribinali ya grande instance. Ikishahukumu, malipo yanafanyika ndani ya miezi minne. Muda huo ukipita bila malipo, aliyenyang'anywa anaweza kuomba unyang'anyaji wenyewe ufutwe.

Sasa naomba unisikilize vizuri upande wa pili, nisikudanganye ukaja kuumia. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Dola, sisi tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na mtunza hati za ardhi. Karatasi ya kununua yenye sahihi ya shefu wa kartie inaonyesha kwamba ulinunua, inaonyesha tangu lini unakaa, lakini si hati ya usajili. Nusu ya mji huu iko kama wewe. Kwa hiyo fanya mambo haya wiki hii, usingoje: nenda serkonskripsheni ya ardhi na urbanizimu (ofisi ya ardhi na mipango ya mji) ya upande wenu, uliza kama parseli yako imepimwa na kama mpaka wake unaingia kwenye eneo la barabara au la mfereji. Chukua na stakabadhi zako za zamani, kodi ya nyumba, maji, umeme, kila kitu chenye jina na namba ya parseli.

Kama ukuta peke yake ndio umeingia barabarani na nyumba iko ndani ya mpaka, kesi yako ni tofauti kabisa na ya mtu aliyejenga juu ya mfereji. Aliyejenga juu ya mfereji au ndani ya eneo la barabara, fidia itakuwa ngumu kuipata. Hata yeye aombe amri kwa maandishi, na muda wa kuhama.

Karani wa Avenyu (Katuba)

Naongeza kidogo kwa mama. Ninyi ni nyumba nane. Msiende mmoja mmoja. Andikeni barua moja yenye sahihi nane, kwa meya, nakala kwa bugumestri wa Kampemba na kwa waziri wa jimbo anayehusika na miundombinu. Ombeni mambo mawili tu: nakala ya uamuzi, na ramani ya barabara inayopanuliwa. Pigeni picha za msalaba, upana wa barabara, na umbali kutoka ukutani hadi katikati ya lami, utepe ukionekana kwenye picha. Na watu wale wakirudi, mmoja wenu aandike namba ya gari lao na aombe odri ya misheni, karatasi ya kutumwa kazi. Mfanyakazi halali wa serikali anayo mfukoni.

Usibomoe mwenyewe, mama. Ukibomoa kwa mkono wako, kesho watasema uliondoka kwa hiari.

Mzee wa Kamalondo

Wanangu, nimesoma yote. Mnazungumza vizuri juu ya sheria, na mimi sipingi. Lakini nimezaliwa Kamalondo, wakati bado inaitwa Albert, na naona kuna jambo mnalipita haraka.

Mji huu ulichorwa tangu 1910 kwa mistari, avenyu inakata avenyu, na kando ya barabara maji yalikuwa na njia yake. Mwaka gani mlisikia wazee wakisema Kamalondo imeingiwa maji? Kisha watu wakaongezeka, sawa, si kosa la mtu. Lakini mtu anajenga duka juu ya kanivo. Mtu anafunika kanivo kwa zege apate kuegesha gari, bila kuacha mlango wa kusafishia. Chupa za plastiki, vifuko, maganda ya mahindi, yote mle. Maji yakifika hapo yanapanda barabarani, yanakaa juu ya lami, na lami inakufa. Bugumestri hakutupa hizo chupa.

Zamani salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ilikuwa salongo. Sasa Jumamosi wenye maduka wanafunga milango hadi saa nne, wanangoja saa ifike, hawashiki jembe.

Fundi wa Mifereji

Mzee, heshima. Mimi nimefanya kazi za barabara na kampuni mbalimbali, naomba niseme ya ufundi, kwa sababu mzee amegusa penyewe: anayeua barabara zetu ni maji kuliko gari.

Barabara ya udongo mwekundu ikipigwa vizuri inadumu, mradi mgongo wake uwe juu katikati na maji yateremke pande zote mbili hadi kwenye kanivo. Ikishakuwa bapa, au ikibonyea katikati, maji yanalala, gari inapita, tope linaruka, shimo linazaliwa. Barabara ya lami ni vile vile: maji yakipata ufa yanaingia chini, tabaka la chini linalegea, juu panapasuka. Mnaona mashimo mengi yako kandokando karibu na mahali kanivo imeziba? Si bahati mbaya.

Sasa wakaaji wanajaza mashimo kwa matofali yaliyovunjika na udongo. Moyo mzuri, lakini mvua moja, yametoka. Kama mnataka lidumu angalau msimu: toeni maji na tope lote kwanza, kateni kingo za shimo zisimame wima, jazeni kwa tabaka nyembamba, kila tabaka mlishindilie hadi likatae kuingia, mawe makubwa chini na madogo juu, na mmalizie juu kidogo ya usawa wa barabara. Na kabla ya yote hayo zibueni kanivo. Kazi ya kanivo ifanyike Septemba na Oktoba, udongo ukiwa mkavu. Ukianza Desemba unachota uji.

Tope mlilochota msiliache kando ya kanivo! Naona kila salongo: wanachota, wanapanga lundo zuri ukingoni, mvua ya kwanza yote yanarudi ndani. Tafuteni posipose (mkokoteni) au kamyo siku hiyo hiyo.

Na jambo la mwisho, hili naomba mlichukue kwa uzito. Msijaze mashimo kwa mabaki ya migodi au ya viwanda, hata kama mtu anawaletea bure. Watafiti wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, pamoja na wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walishakuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na ya watoto ilikuwa juu zaidi. Mabaki yale yakisagwa na magurudumu yanakuwa vumbi, na vumbi linaingia kwenye sahani za wamama wanaouza chakula barabarani.

Karani wa Avenyu (Katuba)

Fundi, aksanti sana, hiyo ya lundo la tope ni kweli tupu. Kwetu tulibadilisha: kila nyumba inatoa mtu, na pesa kidogo ya posipose inachangwa kabla ya Jumamosi. Asiyetoa mtu anatoa pesa.

Mzee wangu, nakubali habari ya chupa na ya maduka juu ya kanivo. Lakini naomba nisimame mahali pamoja. Duka lile juu ya kanivo, mwenyewe hakulijenga usiku. Lilijengwa mchana, kuna mtu alipita akaona, na kila asubuhi kuna mtu anakuja kuchukua kodi ya meza. Na takataka: mji usipokuwa na mahali pa kuzitupa na kamyo ya kuzichukua, mama aliyefagia parseli yake azipeleke wapi? Tuzibue, ndiyo, tena kwa nguvu zote. Lakini salongo isigeuke kuwa njia ya kuwatua viongozi mzigo ambao sheria imewawekea. Kanivo inayomwaga maji kwenye uwanja kwa sababu mfereji mkubwa wa kuipokea haukuchimbwa, hata tuzibue kila Jumamosi, itafurika.

Na kuna watu tunaowasahau. Desemba 2023 tulichagua madiwani wa komini kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006. Mnakumbuka zile karatasi ndefu? Wale watu wana majina, wanakaa kwenye kartie zetu, na kazi yao ni pamoja na kujadili bajeti ya komini. Mimi barua zetu zote sasa natoa nakala kwa diwani. Kabla ya bajeti kujadiliwa nakwenda kumwona nyumbani, kwa heshima, na orodha ya mambo matatu ya avenyu, si kumi. Ukimpa kumi hakumbuki hata moja.

Dereva wa Teksibisi (Ruashi)

Haya, ya meya na saa za makamyo nimeichukua, nitaipeleka kwenye chama Jumatatu. Ila nina swali jingine, na hili ni la uchungu. Rafiki yangu wa pikipiki aliangukia usiku kwenye shimo la kazi iliyoachwa wazi, hakuna kibao, hakuna utepe, hakuna hata tawi la mti. Mguu umevunjika mara mbili, hafanyi kazi. Nani atamlipa?

Msomi wa Sheria (UNILU)

Pole kwa rafiki yako. Msingi ni kifungu cha 258 cha Kodi ya Raia, yaani sheria ya madai, kitabu cha tatu, ile ya 1888 ambayo bado tunaitumia: anayesababisha hasara kwa kosa lake anatakiwa kuilipa. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba bwana anajibu kwa makosa ya mfanyakazi wake akiwa kazini. Kwa hiyo aliyechimba na kuacha bila alama ndiye wa kwanza. Komini au mji uliotoa kazi unaweza kuitwa pia. Kumbuka karani alivyosema: komini ina utu wa kisheria, na mji vile vile.

Kinachoangusha kesi hizi ni ushahidi. Je, polisi wa barabara walifanya prosevebali, yaani ripoti rasmi ya maandishi? Hospitali ilitoa cheti kinachoeleza mguu umevunjika vipi na hawezi kufanya kazi kwa muda gani? Kuna picha za shimo kabla halijafukiwa? Shahidi aliyemtoa mle? Kama bado, aanze leo, kwa sababu siku watakayosikia kuna kesi, shimo litafukiwa asubuhi. Aweke na stakabadhi za dawa zote, na daftari lake la malipo ya kila siku, lionyeshe alikuwa anaingiza kiasi gani.

Akitaka kushtaki uamuzi wa ofisi ya umma, kwa mfano kibali kilichotolewa vibaya, huo ni mlango wa mahakama za utawala, zilizopangwa na sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016, na huko kabla ya kushtaki unaiandikia kwanza ofisi yenyewe ibadilishe uamuzi wake. Kwa mguu uliovunjika na mkandarasi aliyeacha shimo, aanzie kwa wakili au kwenye ofisi ya msaada wa bure ya chama cha mawakili. Asikubali kusaini karatasi ya "tumeelewana" hospitalini kwa pesa ya dawa tu.

Mama wa Kampemba

Nimerudi kuwapa habari. Tumeandika, sahihi nane. Nilikwenda na jirani. Sekretarieti ya bugumestri walipokea nakala na kugonga muhuri, bila tatizo. Kwa meya walituambia turudi kesho, tukakaa kama baba karani alivyosema, mchana wakapokea. Serkonskripsheni ya ardhi wametupangia siku ya kuja kupima.

Lakini shefu wetu wa kartie anasema barua ilitakiwa kupitia kwake kwanza, na kwamba kuna pesa ya kutia sahihi. Ni kweli?

Msomi wa Sheria (UNILU)

Hongera mama. Hapana, si sharti. Maombi ya kifungu cha 27 yanakwenda moja kwa moja kwa mamlaka mnayoiandikia. Mpelekeeni nakala kwa heshima tu, yeye ni jirani yenu na atahitajika siku ya kupima, kwa sababu anajua nani alianza kukaa wapi. Akisisitiza pesa, mwombeni stakabadhi yenye muhuri wa komini, iandikwe ni ya malipo gani na kwa sheria ipi.

Karani wa Avenyu (Katuba)

Na siku ya kupima msikae nyumbani. Wote nane muwepo, pamoja na wale wanaopakana nanyi kwa nyuma, mtu mmoja akiandika kila namba inayosomwa kwenye utepe. Mwisho ombeni prosevebali ya kupima isainiwe hapo hapo. Mkishaipata tuandikie hapa, tuone mfereji unapita wapi.